Shetani Waliyemtoa Ubatizoni Nimemkuta Dukani

Nilikuwa msimamizi wa mtoto wa rafiki yangu, kwenye kanisa la Kianglikana hapa Uingereza, na nilikuwa tayari kumkataa Shetani kwa sauti. Sikuulizwa. Kasisi alitaja dhambi, akataja uovu, maji yakamwagwa, tukaenda kula keki. Nilipouliza, mama mmoja akanijibu kwa upole kwamba anaelewa, sisi Waafrika tunayaamini sana mambo hayo. Namjibu hapa, maana pale nilikuwa na keki mdomoni.

Kasisi hakubuni kitu. Mwaka 2011 dayosisi ya Liverpool ilipeleka hoja kwenye Sinodi Kuu ikiomba maneno mepesi ya ubatizo kwa familia zisizozoea kanisa. Yalijaribiwa 2014, yakapitishwa 2015. Maneno yanayomtaja Shetani bado yapo, na kasisi huchagua. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba siku hizi Shetani amegeuka kikatuni.

Na nani amemgeuza? Njoo Oktoba uone. Duka linalouza maziwa na mkate linajaa pembe nyekundu, mikia na mikuki ya plastiki yenye meno matatu, saizi ya mtoto hadi ya mbwa. Bustani ambazo kiangazi kizima hupaswi kukanyaga nyasi zake zinawekwa mawe ya makaburi ya bandia na mafuvu. Jioni ya tarehe 31 watoto wanagonga milango ya watu kuomba pipi. Boga lenye taa mlangoni maana yake karibu. Pasipo boga, mtoto anapita. Watu wasioazimana hata chumvi mwaka mzima! Halafu mshamba ni mimi.

Isitoshe, tangu miongozo ya maaskofu ya 1975, dayosisi za kanisa hilihili zina makasisi walioteuliwa kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa na pepo, na kuwatoa hakufanyiki bila idhini ya askofu wala bila kushirikisha madaktari. Kwenye kisima cha ubatizo Shetani hatajwi, ofisini faili lake lipo.

Yule mama anadhani kumtaja Shetani ni kumkuza. Mafundisho ya Kikristo yanasema kinyume chake. Augustino, Mwafrika wa kaskazini, kabla ya kubatizwa alikaa miaka kama tisa na Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Aliwaacha, akafundisha kwamba uovu hauna uhai wake wenyewe, ni upungufu katika kitu chema, kama kutu isivyoweza kuwapo bila chuma. Mtaguso wa Laterano wa 1215 ukaliweka wazi: Mungu aliwaumba Shetani na pepo wakiwa wema, wakaharibika wenyewe. Kwa hiyo ni kiumbe. Katika kitabu cha Ayubu anaomba ruhusa kabla ya kugusa hata mifugo ya mtu. Pembe hazimo humo. Ni kazi ya wachoraji.

Mikesha na maombi ya kufunguliwa ya nyumbani mnayajua, siyarudii. Niseme tu kwamba kule angalau adui anatajwa hadharani na kuamriwa atoke.

Mwanangu wa miaka minane aliposikia habari za ruhusa ya Ayubu akauliza nani alimruhusu nyoka kuingia bustanini. Dada yake, ambaye anasoma dini kwa ajili ya mtihani wa sekondari, na humo mna mada nzima ya tatizo la uovu, akamwambia jibu ni hiari, ila asisahau kutoa hoja za pande mbili, la sivyo atapoteza maksi. Mdogo akasema sawa, basi naye kwa hiari yake anataka pembe. Nikamnunulia nguo ya mwanaanga. Bei yake sitaji, baba yao husoma hapa.

Alirudi na ndoo ya pipi na usiku akazila ndani ya shuka. Asubuhi, tumbo linamkata, akadai Shetani ndiye aliyemlisha. Dada yake akamkatiza: Shetani hushawishi tu, hawezi kumlazimisha mtu, hilo liko kwenye daftari lake. Pipi zilizobaki nimezipandisha juu ya kabati, na binti anadai fungu lake kwa kazi ya kuendesha mashtaka.