Mtungi wa gesi Eastlands: ushauri wa jirani usio na mizani

Sehemu kubwa ya gesi ya kupikia inayotumika Nairobi huteremshwa melini hapa kwetu Mombasa, kisha ikapanda bara kwa malori. Ikifika Eastlands hupita mikono mingi, na ushauri nao hupita pamoja nayo. Ndugu zetu wanaoishi Majengo ya Pumwani, Eastleigh au Kayole wanayajua maneno haya: usinunue dukani, nenda kwa fulani, anajaza meko kwa bei nafuu, na wala hajawahi kupata ajali.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi pale mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa ni wingi wa watu wanaoishi karibu. Kile kilikuwa kituo kikubwa. Vichochoroni kazi ya kujaza hufanywa mtungi mmoja mmoja, lakini gesi ni ile ile.

Hatari yenyewe ni hii. Ndani ya mtungi gesi imebanwa mpaka ikawa maji. Joto likizidi, maji yale hufura, kwa hiyo mtungi haujazwi pomoni. Hujazwa takriban asilimia 80 na pale juu hubaki nafasi. Anayejaza kwa kukisia uzito kwa mkono hajui kama nafasi hiyo ipo. Ule usemi wa "hajawahi kupata ajali" haukuambii lolote kuhusu mtungi utakaoubeba wewe leo. Tena gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni, na katika chumba kimoja cha plotini jiko la jirani haliko mbali.

Kanuni za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake ya maandishi. Kwa hivyo namna ya kujaza si ushauri wa kupeana kabisa, hata kwa nia njema.

Cha kupeana ni hiki. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo 6 kwa meko, au 13 kwa ule mkubwa, kisha dai upimwe mbele yako. Ukipungua umepunjwa. Ukizidi, usiubebe (hiyo si zawadi, mama). Tazama lakiri kama imeguswa. Nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, kuna uvujaji. Usijaribu kwa kiberiti. Na ukisikia harufu usiku, usiwashe taa wala usiizime: funga mtungi, fungua mlango na dirisha, watoe watoto kwanza, halafu mgongee jirani.