Maji ya kisima: kuchemsha hakutoshi kwa mtoto mchanga

Kiangazi kikikaza Handeni, ndoo ya maji ya kisima ni mali. Korogwe nako, ingawa mto Pangani unapita, visima vya uani havikosekani. Mzazi huyachemsha, akamkorogea mtoto maziwa ya kopo bila wasiwasi. Vijidudu vimekufa, kweli. Lakini naitreti, kemikali isiyo na ladha wala harufu inayopenya ardhini kutoka chooni, zizini na kwenye mbolea, imebaki. Tena maji yakipungua jikoni, yenyewe hukolea!

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka bluu. Hapo ni hospitali mara moja. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 humwepusha. Kisima kipimwe maabara, na choo kiwe mbali, upande wa chini.