Chunga vidole vyako unapopiga chapa

Je, kazi yako ni kupiga chapa kwa kompyuta kutoka asubuhi hadi jioni? Ikiwa unarudi nyumbani vidole vikiuma, usidhani ni uchovu tu. Ichunguze kibodi yako.

Kibodi nyingi za ofisini zina mpira laini chini ya vitufe. Mpira huo haukufahamishi vyema ni lini herufi imeingia. Basi unakikandamiza kitufe hadi kigonge chini, na kwa kuwa huna hakika, unazidisha nguvu, maelfu ya mara kwa siku.

Ziko kibodi nyingine ambazo kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kuuza swichi zake za MX miaka ya 1980, na watengenezaji wengine wameziiga rangi zake. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo, kwa nguvu ya takriban gramu 45. Nyeusi ni vivyo hivyo, lakini springi yake ni nzito, gramu 60 hivi, na mwenye kuandika kurasa nyingi ataihisi tofauti hiyo kabla ya saa ya chakula cha mchana. Kahawia ina kijituta njiani ambacho kidole hukihisi bila kelele ya ziada. Samawati ina kijituta pamoja na mlio, "tik", kwa kila herufi. Waliojifunza kazi kwa taipureta huipenda sana. Jirani zao ofisini huichukia, na wana haki.

Kitufe cha aina hizi husafiri milimita 4, lakini herufi huingia kinapofika milimita 2 hivi. Kijituta au mlio hukuambia uache kusukuma, na ukishazoea, kidole hurudi juu kabla hakijagonga chini. Nyekundu haina ishara hiyo. Mwenye mkono mzito ataendelea kugonga. Kwangu mimi, kahawia ndiyo ifaayo ofisi yenye watu wengi. Hata hivyo ijaribu dukani kwa kuandika aya nzima, na ukumbuke kwamba kibodi hizi ni nene: kaa juu kidogo ili mkono usipinde kwenye kifundo.

Swichi si dawa. Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda neva inayopita kwenye kifundo cha mkono imebanwa. Mwone daktari mapema. Hali hiyo ikiachwa kwa muda mrefu, msuli ulio chini ya kidole gumba hunywea, na vikombe huanza kukuponyoka.