Kiti mwendo cha umeme: kwa nini begi la mgongoni linaweza kukupindua

Jioni moja tulikuwa tunatoka maabara, mimi na mwenzangu wa mwaka mmoja ambaye anatumia kiti mwendo cha umeme. Kufika katikati ya njia ya mteremko ya kuingilia jengo la pili, kiti kikagoma. Taa za betri zikawaka nyekundu, kikasimama palepale kwenye mwinuko. Vijana wawili waliokuwa wanapita wakaja mbio: "Kaka, tulia tukusukume." Kabla hatujajibu, mmoja akaona viwenzo viwili vyekundu chini karibu na magurudumu, akavivuta. Kiti kikaanza kurudi nyuma.

Tulikidaka. Niliweka mguu, nikaumia muundi, mwenzangu akabaki anatetemeka. Vijana wale walikuwa na nia njema kabisa, ila hakuna aliyewahi kuwaambia viwenzo vile vinafanya nini. Nikajiuliza: hivi mimi mwenyewe, mtu wa fizikia, nilikuwa najua? Kwa hiyo leo tukifungue hiki kiti kidogo, tuone kinavyofanya kazi. Ukishaelewa, sheria zake za usalama hutahitaji kuzikariri.

Breki inayofunga umeme ukikatika

Gari likizimika, breki ya mkono lazima uivute mwenyewe. Kiti mwendo cha umeme ni kinyume chake. Ndani ya kila mota ya gurudumu kuna springi zinazokandamiza sahani ya breki muda wote. Kuna pia koili ya waya. Ukisukuma kijiti cha kuongozea, umeme unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani na gurudumu linakuwa huru. Ukiachia kijiti, mota zenyewe zinapunguza mwendo kwanza, kisha umeme wa koili unakatwa, springi zinarudi na breki inafunga. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia kiti kikisimama ndio huo.

Maana yake ni kwamba betri ikiisha, waya ukikatika au ukizima swichi, kiti kinafunga breki. Kwa hiyo kiti kilipogoma pale kwenye mwinuko, mwenzangu alikuwa salama.

Sasa vile viwenzo. Kazi yake ni kuziondoa breki kwa mkono ili kiti kiweze kusukumwa kama cha kawaida. Madereva wangesema umekiweka nyutro. Ukiwa sehemu tambarare hakuna shida. Kwenye mteremko, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinamshikilia mtu.

Tupige hesabu. Chukua kiti cha kilo 60 na mtu wa kilo 70, jumla kilo 130. Njia ya mteremko ya 1 kwa 12 (unapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo) ni kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani. Hapo uzito unakivuta kiti kwa kani ya nyutoni 106 hivi. Toa msuguano wa matairi, tukadirie nyutoni 25. Kinachobaki kinatosha kukifikisha kwenye kasi ya karibu kilomita 7 kwa saa ndani ya sekunde 3 tu. Hapo hujafika hata mita 3. Kilo 130 zinazokuja kwa kasi hiyo huzizuii kwa mguu, muulize muundi wangu.

Kwa nini kiligomea mlimani na si tambarare

Hesabu hiyohiyo inajibu na hili. Kwenye tambarare mota zinapambana na zile nyutoni 25 tu. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 12 zinapambana na nyutoni 131, zaidi ya mara tano. Mota zinadai mkondo mkubwa wa umeme, na betri iliyochoka ikidaiwa mkondo mkubwa, volti zake zinashuka ghafla. Kidhibiti kinaona volti haitoshi, kinakata.

Ndiyo maana taa za betri zinaweza kukudanganya. Ukiwa umesimama zinaonyesha mambo safi, ukianza kupanda zinaporomoka. Ukitaka kujua hali halisi ya betri, zitazame wakati kiti kinapanda. Na kama njia yako ya kurudi nyumbani ina mlima mwishoni, panga safari kwa kufikiria mlima huo.

Begi la mgongoni

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu linaonekana jambo dogo. Kila mwanafunzi mwenye kiti mwendo ninayemfahamu ananing'iniza begi nyuma ya kiti. Mahali pengine angeliweka wapi?

Kiti kikipanda, kinapinduka kwa nyuma pale kitovu cha uzito kinapovuka mstari wa magurudumu ya nyuma. Tuseme kiti chetu kinaendeshwa na magurudumu ya nyuma, na kitovu cha uzito kipo sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma na sentimita 60 juu ya ardhi. Gawa 20 kwa 60, unapata 0.33. Hiyo ndiyo akiba yako ya kutopinduka.

Akiba hiyo inaliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mwinuko wenyewe. Cha pili ni kuondoka kwa kishindo, kwa sababu kiti kinapochomoka mbele, mwili unabaki nyuma, kama abiria wa daladala dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Ukichomoka kwa mita 1.5 kwa sekunde mraba, unakula 0.15 hivi.

Kwenye njia ya 1 kwa 12 mwinuko unakula 0.08. Jumla 0.23, bado una nafasi. Lakini njia nyingi zetu zilimwagwa zege na fundi kwa makadirio ya macho, na 1 kwa 6 si ajabu. Hapo mwinuko unakula 0.17, ukichomoka jumla ni 0.32. Umepona kwa tundu la sindano.

Sasa ning'iniza begi la kilo 10, lenye kompyuta, vitabu na chupa ya maji, sentimita 30 nyuma ya ekseli. Kitovu cha uzito kinarudi nyuma mpaka sentimita 16.4 hivi. Akiba inashuka kutoka 0.33 hadi 0.27. Unadaiwa 0.32, mfukoni una 0.27. Kiti kinanyanyuka mbele.

Viti vingi vina vigurudumu vidogo kwa nyuma vya kuzuia visipinduke. Watu huvifungua kwa sababu vinakwama kwenye kingo za barabara. Ukivifungua, umeondoa ulinzi wa mwisho. Afadhali uviache, begi uliweke mapajani au chini ya kiti, kisha uondoke taratibu huku umeinamisha kifua mbele kama unaweza. Kushuka nako, punguza kasi kabla hujaanza. Ukiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne.

Ukikuta ukingo au mtaro, usiuvuke kimshazari. Uendee wima, magurudumu mawili ya mbele yaguse kwa pamoja. Mkanda wa kiunoni ufunge hata kwa safari fupi, maana kiti kikisimama ghafla, wewe husimami nacho.

Betri

Viti vingi hutumia betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano kupata volti 24. Zikiwa za risasi na asidi, usizilaze zikiwa tupu, kwani fuwele za salfeti hugandia kwenye sahani zake na nguvu haizirudii zote. Chaji kila siku uliyotumia kiti, hata kama hukwenda mbali, hasa kama mtaani kwenu umeme una tabia ya kukatika usiku. Betri hizi zinaweza kutoa gesi ya haidrojeni wakati wa kuchaji, hivyo fungua dirisha na usivute sigara karibu. Zikiwa za lithiamu, tumia chaja yake tu, na iliyovimba au kupasuka usiichaji kabisa. Chaja ya kuazima kwa fundi wa magari si ya kiti chako.

Na wewe unayesaidia

Kwanza, uliza. "Nikusaidie vipi?" ni maneno mawili tu, na anayekijua kiti ni aliyekikalia.

Pili, mtu akitaka kuhama kutoka kwenye kiti au kuingia, swichi izimwe kwanza. Mkono wa shati ukinasa kwenye kijiti, kiti kinatii kama vile kimeamriwa.

Tatu, usikinyanyue kiti mtu akiwa juu yake. Na hata kikiwa kitupu, usishike sehemu za kuegemeza mikono, nyingi hutengenezwa ili zichomoke. Shika fremu.

Nne, kiti kikigoma mlimani, viwenzo usiviguse. Weka jiwe au tofali nyuma ya magurudumu. Usisimame upande wa chini. Kisha mwulize mwenyewe kama anataka kushuka au kusubiri watu waongezeke. Viwenzo vinafunguliwa tu pale watu wa kutosha wameshika fremu na kila mmoja anajua kiti kinaelekea wapi. Mkifika tambarare, virudisheni mahali pake na msikie breki imeshika kabla hamjaachia.

Kiti cha namna hii kilianza na mhandisi wa Kanada, George Klein, aliyekibuni kwa ajili ya askari waliopooza kutokana na Vita Kuu ya Pili. Lengo lilikuwa mtu aende anakotaka bila kusubiri wa kumsukuma. Mwenzangu bado anapita njia ileile kila siku. Begi sasa analipakata, na kwenye viwenzo vyake amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: NIULIZE KWANZA.