Swali la Mashine ya Fedha Ugenini

Msafiri mwenye kadi ya benki ya Tanzania, akisimama mbele ya mashine ya kutolea fedha katika mji wa Ulaya, huweza kuulizwa: akaunti yako ikatwe kwa yuro au kwa shilingi? Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mwanafunzi huko, alichagua shilingi kwa furaha ya kuiona sarafu ya kwao. Furaha hiyo ilimgharimu.

Noti zitokazo ni zile zile. Kinachobadilika ni nani anayekokotoa. Ukichagua yuro, kiwango cha ubadilishaji hupangwa na mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na benki yako huweza kuongeza ada. Ukichagua shilingi, kiwango hutoka upande wa mwenye mashine, na faida yake imo humo humo.

Tuchukue mfano wa kubuni: yuro 1 iwe shilingi 3,000. Yuro 200 ni shilingi 600,000. Nyongeza ikiwa asilimia 8, utakatwa 648,000, wala hizo 48,000 hazitaitwa ada. Kwa malipo ya ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria imetaka tangu Aprili 2020 nyongeza hiyo itajwe kwa asilimia. Mwenye kadi ya kwetu asiitegemee kinga hiyo. Akikataa ubadilishaji, kwa kawaida noti hutoka vile vile.

Mwalimu aweza kutoa zoezi: gawanya shilingi zilizo kwenye kioo kwa yuro zilizoombwa, kisha linganisha jibu na kiwango kilichotangazwa siku hiyo.