Saa Kumi Jioni: Keki ya Matufaa, Kahawa na Ukweli Mezani

Tufaa likifika Kasulu limeshatembea kuliko wengi wetu. Mengi ya haya mekundu na ya kijani unayoyaona yamepangwa kwa madaha sokoni yametoka Afrika Kusini. Mengine, madogo na yenye uchachu kidogo, hutoka kwenye baridi ya Njombe au Lushoto. Ndiyo maana kwetu huku tufaa huuzwa moja moja, si kwa fungu. Ni tunda la kumpelekea mgonjwa, au la kijana anayetaka kumwonyesha binti kwamba mambo yake si mabaya. Sasa mtu akikwambia uchukue matufaa manne kwa mpigo, uyamenye, uyatumbukize kwenye keki, utamuona kachanganyikiwa.

Mimi nasema mnunue hayo manne. Na mkisha kula, mtajua kwamba keki yenyewe ilikuwa kisingizio tu.

Keki ninayoizungumzia ni ya Wajerumani. Wenyewe wanaiita versunkener Apfelkuchen, yaani keki ya matufaa yaliyozama. Haina mapambo, haina krimu ya rangi, wala haihitaji mtaalamu wa keki za harusi. Unapanga matufaa juu ya rojo la keki, na yenyewe yanazama taratibu inapoiva. Mume wangu anafanya kazi Kibondo katika shirika moja linalohudumia wakimbizi, na huko alikuwa na mwenzake wa kazi, mama mmoja wa Kijerumani. Kila Jumamosi saa kumi jioni mama huyo alichemsha kahawa, akakata keki, akaita yeyote aliyekuwa karibu. Mume wangu aliniletea maelezo ya upishi huo yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.

Keki nilijifunza mara moja. Kilichonifikirisha zaidi ni ile saa kumi.

SAA MOJA ISIYO NA AJENDA

Wajerumani wana desturi yao ya kahawa na keki ya alasiri, Kaffee und Kuchen, hasa siku ya Jumapili. Chakula cha mchana kimeshapita na cha jioni bado. Watu wanakaa mezani, wanakunywa, wanaongea. Hakuna anayekaa pale kwa sababu ana njaa.

Hebu jiulize, wewe na mwenzi wako mna saa ya namna hiyo? Siongelei ile ya kula ugali huku taarifa ya habari inaendelea. Siongelei ile ya kitandani, mmoja anakoroma na mwingine anachezea simu. Naongelea saa ambayo kila mmoja anajua kwamba ikifika, tunakaa.

Wengi wetu hatuna. Na kwa wale ambao ndoa zao zimegawanyika wilaya mbili, kutokuwa nayo ni hatari. Kati ya Kasulu ninapofundisha na Kibondo anapofanya kazi mume wangu kuna zaidi ya kilomita 100. Anakuja kila baada ya wiki mbili. Akishuka kwenye gari ana saa kama arobaini hivi kabla ya kurudi. Ndani ya hizo kuna kulala, kuna ibada, kuna kusalimia wazee, kuna marafiki wanaosema "shemeji, tunamuazima dakika mbili tu", halafu kuna mpira. Mnachobakiza ni mazungumzo ya mlangoni: kodi imelipwa? Ada je? Luku imebaki ngapi?

Si kwamba hampendani. Mmegeuka wahasibu wa nyumba moja.

NDOA ZA MBALI SI JAMBO GENI HUKU

Nikiwaza habari za Wajerumani na nyumba za Waha, siwezi kuishia kwenye keki. Wajerumani walituachia maneno kama shule na hela, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ni Mjerumani pia, Richard Hindorf, aliyeleta mkonge nchini mwaka 1893. Mashamba ya mkonge yakapanuka upande wa Tanga, yakataka watu, na Buha hii ya Kasulu na Kibondo ikawa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi, hasa baadaye wakati wa Waingereza. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake.

Mwanamume alikwenda Tanga, mke akabaki na shamba, watoto na wakwe. Wengine walirudi na blanketi na bati. Wengine walirudi wamekuwa wageni katika nyumba zao. Wengine hawakurudi kabisa.

Siku hizi hakuna anayetuita manamba. Tuna barua za ajira, tuna simu. Lakini mwalimu anapangiwa huku, muuguzi kule, na kazi za mashirika ni za mkataba. Kambi ya Nyarugusu ilipoanzishwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ilipofunguliwa tena Kibondo mwaka 2015, vijana wengi wasomi walipata kazi. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilipofungwa mwaka 2021, wengi waliona jinsi kazi ya mkataba inavyoweza kwisha. Kwa hiyo mtu anashika alichonacho, popote kilipo, na mwenzake anabaki alipo. Umbali ule ule wa babu zetu, ila sasa una vocha.

HAYA, TUINGIE JIKONI

Keki hii inatosha watu sita wenye adabu, au wawili wasio na haraka. Unahitaji:

Siagi gramu 125, iliyolainika. Ya kopo inafaa.
Sukari gramu 125, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe.
Mayai 3.
Unga wa ngano gramu 200, kama kikombe kimoja na nusu.
Beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu.
Maziwa vijiko vya chakula 2 au 3.
Chumvi kidogo sana.
Limao 1.
Matufaa 4 ya wastani.

Kwanza, chagua matufaa machachu. Yale ya kijani ndiyo bora, maana yakiiva hayawi uji, na uchachu wake unakata utamu wa keki. Yamenye, kata kila moja vipande vinne, toa mbegu. Kisha kila kipande kichanje mgongoni kwa kisu, mistari membamba iliyo karibu karibu, bila kukikata hadi chini. Nyunyizia maji ya limao yasigeuke rangi.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na laini. Hapa usiwe mvivu, ndipo keki inapopata hewa. Weka yai moja moja huku ukikoroga. Kwaruza ganda la limao kidogo uongeze harufu. Chekecha unga, beking pauda na chumvi, umimine na kuchanganya na maziwa. Rojo liwe zito, lidondoke kutoka kwenye mwiko kwa kusitasita. Likimiminika kama maji, matufaa yatazama mpaka chini kabisa.

Paka chombo siagi na unga, mimina rojo, panga matufaa juu, mgongo uliochanjwa ukitazama juu. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 45 hivi.

Na mwenye jiko la mkaa? Shosti, usikate tamaa. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, uipashe moto dakika kumi. Tumbukiza chombo chenye keki ndani yake, funika kwa mfuniko wa bati, palia makaa juu. Siri ni moto mdogo chini na mwingi kidogo juu, kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina. Usifunuefunue dakika thelathini za mwanzo. Baada ya hapo chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, tayari.

Mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza, Kasulu na Kibondo ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, keki huumuka haraka halafu inabonyea katikati, ndiyo maana nimepunguza beking pauda. La pili, ukikuta maelezo ya Kijerumani yanasema "pakiti moja" ya beking pauda, usimwage kopo. Pakiti zao ndogo zimepimwa kwa unga wa nusu kilo, kama vijiko vitatu au vinne vya chai. La tatu, ukiwa na asali ya Kibondo, weka vijiko viwili na upunguze sukari. Ila asali huunguza haraka, kwa hiyo punguza makaa ya juu.

Matufaa yakikosekana? Nanasi lililokaushwa maji yake linafaa. Mjerumani atanuna kidogo, lakini utakula.

Kahawa usiende kuitafuta mbali. Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, wanalima arabika nzuri. Tunaipeleka nje, halafu tunakunywa ya kopo. Jamani!

KEKI IKIPOA

Keki hii haikatwi ikiwa ya moto, inavunjika. Inataka nusu saa ya kupoa. Hiyo nusu saa ndiyo iliyotusaidia sisi.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya utaratibu wetu mpya. Mtoto alikuwa kwa jirani, simu zote mbili ziko chumbani. Kahawa iko mezani, keki iko dirishani inapoa, hakuna cha kufanya ila kutazamana. Mume wangu akazungusha kikombe, akazungusha tena, akasema: "Mke wangu, kuna jambo sijakwambia."

Alikuwa na barua ya kazi nyingine. Mshahara mzuri, lakini mkoa mwingine kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Barua alikuwa nayo wiki tatu mfukoni. Alitakiwa kujibu kabla ya mwezi kuisha.

Nilikasirika, nisidanganye. Nikamuuliza wiki tatu zote alikuwa anasubiri nini. Akajibu kwa upole: "Ningekwambia saa ngapi? Nikija hapa tunaongea habari za luku."

Hilo nilishindwa kulipinga, maana lilikuwa kweli kwetu sote wawili.

Tulichukua ile karatasi ya daftari, tukaigeuza, tukapiga hesabu nyuma yake. Kodi ya nyumba mbili. Nauli. Chakula cha vyungu viwili. Msichana wa kazi. Ule mshahara mnono ukaanza kunywea mbele ya macho yetu. Halafu nikamwambia kitu ambacho hakiandikwi kwenye hesabu: mtoto aliniuliza kama baba analala kwetu au ni mgeni. Akanyamaza. Keki tuliikata saa kumi na mbili, imeshapoa kupita kiasi.

Siku ile hatukukubaliana. Yeye aliona fursa, mimi niliona umbali. Lakini tuliachana Jumapili tukiwa tunajua kila mmoja anawaza nini, na hilo peke yake lilikuwa jipya. Wikiendi aliyorudi, kabla mwezi haujaisha, tulioka tena, tukakaa tena. Aliamua kutokwenda. Amesaini miezi sita mingine Kibondo na anatafuta kazi Kasulu. Bado hajapata, na pesa ni ya kubana. Kuna siku najua anaiwaza ile barua. Akiiwaza, anasema.

KAMA MNATAKA KUJARIBU

Msianze na keki, anzeni na saa. Chagueni muda mmoja ambao hauhamishwi kwa sababu ya mpira wala vikoba. Kama mko mbali, basi wikiendi mnayokutana. Na kama hamkutani, pigianeni simu saa hiyo hiyo, kila mmoja na kikombe chake.

Okeni pamoja. Mwanaume amenye matufaa, haivunji heshima. Mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe, na maneno mazito ni rahisi kuyasema ukiwa unatazama kisu kuliko ukiwa unatazamwa usoni.

Simu zikae chumba kingine. Si kuziweka kimya, zikae chumba kingine.

Habari za pesa zisianze. Zikija zenyewe, zikaribishwe, lakini mtu asifungue kikao kwa bili.

Wageni waambiwe. Kwetu kumfungia mtu mlango ni aibu, najua. Majirani zetu sasa wanajua kwamba Jumamosi saa kumi sisi tuna kikao chetu, na saa kumi na mbili mlango uko wazi na kipande chao kipo. Mwanzoni walicheka, wakasema tumekuwa Wazungu. Juzi mmoja wao alikuja kuomba ile karatasi ya upishi. Nilimnakilia upande mmoja tu. Upande wa pili, wenye hesabu zetu, nimeuhifadhi.