Safari ya kwanza ya treni: Andika siku ya kurudi kabla ya kuondoka

Na Mwandishi Wetu, Arua

UKIMWAMBIA mtu wa hapa Arua Hill kwamba unajiandaa kupanda treni, atakuuliza: treni ipi? Ana haki ya kuuliza. Reli kutoka Tororo ilifika Pakwach mwaka 1964, ikakomea hapo. Kutoka Pakwach hadi Arua ni kiasi cha kilomita 130, na kipande hicho hakijawahi kutandikwa reli. Leo hata Pakwach kwenyewe hakuna treni ya abiria.

Kwa hiyo sisi wa West Nile tukiitaka treni, ni lazima tuifuate iliko. Likizo ya Desemba hii tumepanga kuifuata Nairobi, itupeleke Mombasa. Tuko watatu: mimi, dada yangu anayeuza nguo sokoni Koboko, na mama yetu mzazi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kupanda treni.

Haya niliyoyakusanya katika maandalizi nayaandika kwa faida ya wenzangu tuliorejea kutoka uhamishoni, na wafanyabiashara wa mpakani ambao bidhaa zao hutoka Mombasa kila siku lakini wenyewe hawajafika huko.

Tuanze na hesabu ya njia. Arua hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 500, na Kampala hadi Nairobi ni kama 650 kupitia Busia au Malaba. Zote hizo ni za basi. Reli ya Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 472. Maana yake zaidi ya theluthi mbili ya hii tunayoiita safari ya treni ni basi tupu. Mama amepita miaka 70 na miguu yake huvimba akikaa sana. Tumeamua kulala Kampala siku mbili na Nairobi siku mbili. Gharama inaongezeka, lakini mzee si gunia la mihogo.

Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria Juni 2017. Ile ya zamani ilikuwa ikitumia usiku kucha. Hii hutumia saa tano hadi sita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya, na daraja la kwanza ni 4,500. Daraja la kawaida viti vinatazamana, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na mgongo wa kiti umesimama wima. Sisi wawili tutakaa humo. Kwa mama tumeweka akiba ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, yaani shilingi 9,000.

Tiketi hulipiwa kwa M-Pesa. Asiye na laini ya Kenya amwombe ndugu aliyeko Nairobi amkatie mapema, maana Desemba treni hujaa. Hapo ndipo waliorejea wawe macho. Tiketi huandikwa jina na namba ya kitambulisho, na mlangoni hukaguliwa. Wengi wetu tuna majina mawili: lile lililoandikwa Kifaransa shuleni Zaire, na lile lililoandikwa Kiingereza baada ya kurudi. Tuma jina lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba, herufi kwa herufi.

Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Lakini vitambulisho vya kwanza vilivyotolewa kuanzia mwaka 2014 vilikuwa na muda wa miaka 10. Tazama tarehe ya mwisho kwenye chako leo, si siku ya kufika Malaba.

Jambo la saa nalo limewaponza wasafiri wengi. Tiketi ikiandika 08:00, hiyo ni saa 2:00 asubuhi; 15:00 ni saa 9:00 alasiri, na 22:00 ni saa 4:00 usiku. Anayetoka Ariwara au Kaya akumbuke kwamba Kongo ya mashariki na Sudan Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja. Basi letu la Arua huweza kumngojea abiria aliyekwenda kununua chapati. Treni haimngojei mtu.

Sheria za reli hutimizwa kabla ya kupanda, si ndani ya behewa. Ndivyo ilivyo hata Ulaya: Italia, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa muhuri kwenye mashine kituoni kwanza. Nairobi, kituo kiko Syokimau, mbali na katikati ya mji, na mizigo hupitishwa kwenye mashine na kunuswa na mbwa. Fika saa moja na nusu mapema. Kisu cha kumenyea maembe kiache nyumbani. Mombasa nako utashuka Miritini, bado unahitaji gari la kukuingiza kisiwani.

Tumechagua treni ya asubuhi ili tuione Tsavo mchana. Ukienda Mombasa, kaa upande wa kulia. Hali ya hewa ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana huko.

Nilipomsomea mama mpango huu, hakuuliza habari za tembo wala bahari. Aliniuliza, "Mwalimu, na siku ya kurudi umeiandika wapi?"

Nilinyamaza kidogo. Mwaka 1980 mama alivuka mpaka kuingia Zaire akiwa amenibeba mgongoni. Hakuna aliyemwambia siku ya kurudi. Nilisomea huko, nikajifunza kwa Kifaransa neno la treni na neno la kituo, sijaviona vyote viwili, na tulirudi katikati ya miaka ya 1990. Kwake yeye, safari ni kitu kinachokukuta na sufuria jikoni. Hii ndiyo mara ya kwanza anaondoka nyumbani kwa hiari yake, ufunguo wa mlango akiuacha kwa jirani.

Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumeamua tiketi za kurudi tutazikata siku ile ile ya kukata za kwenda, na tarehe nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya mama.

Uganda nayo ilitia saini Oktoba 2024 mkataba wa kujenga SGR ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Ikikamilika, basi litapungua. Kwa sasa, msomaji, panga na ulichonacho. Na wewe mfanyabiashara utakayefika Biashara Street ukaziona leso zilivyopangwa, nunua kwa faida yako, lakini nauli ya kurudi usiiguse.